Jaa la Jirani

Pweza akioza siku mbili ndani ya jokofu lililozimika, harufu yake huingia mpaka kwenye meno. Ilinifuata kutoka kijijini Matemwe hadi ofisini kwetu mjini, mtaa wa Malindi, ghorofa ya pili, na nilistahiki kufuatwa nayo.

Ofisini tulikuwa watatu: bosi, mimi, na mama mmoja mtu mzima aliyenifundisha kazi. Tulitengeneza kompyuta ndogo za kuendesha majokofu ya wavuvi. Programu ya ndani kabisa, ile inayotawala nyingine zote, ilikuwa na vipande vilivyoandikwa kwa asembli, lugha iliyo karibu zaidi na mashine. Kwa asembli, lazima mtu akae aweke alama kwa mkono: kipande hiki kinaanzia hapa, jina lake hili, hapa kimekwisha. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Niliichukia. Faili lilikuwa chafu, limejaa viraka vya watu waliokwisha kuondoka. Kipande cha yule mama kilikuwa safi, mistari thelathini tu, nami nikakiwekea jina la mama na alama ya mwanzo. Chini yake palikuwa na uchafu mrefu usio na mwenyewe. Sikuupa jina, na mpaka baina yake na kazi ya mama sikuuweka. Nikamwambia bosi nimeshamaliza.

Mtaani kwetu pana gofu la nyumba iliyoporomoka, watu hutupa humo vichwa vya samaki na nepi za watoto. Gofu halina jina, lakini nyumba inayopakana nalo ni ya bibi mmoja anayefagia mlango wake kila asubuhi. Basi mtaa mzima husema jaa la kwa bibi fulani. Hata mimi nimesema hivyo miaka yote.

Mashine nayo ina tabia hiyo hiyo. Kosa likitokea mahali pasipo na jina, hutaja jina la karibu lililo juu yake.

Kompyuta ya Matemwe ilizimika, jokofu likazimika nayo, na pweza wa akina mama wa kijiji kizima wakaharibika. Ripoti ya mashine ikataja kipande cha mama. Bosi akamwita mbele yangu.

"Mama, jina lako hili hapa."

"Nnaliona," alisema. Akavua miwani, akaifuta. "Labda macho yangu yashachoka. Ntakwenda kuwaomba radhi, kisha nkuachieni kazi yenu."

Ripoti ilionyesha pia umbali: kosa lilikuwa mistari mia mbili baada ya mwanzo wa kipande chake. Chake kilikuwa na thelathini. Nilielewa palepale, na nikaogopa kufukuzwa. Nikafunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe ni mimi.

Tulikwenda Matemwe pamoja. Nilizoa pweza walioyeyuka kuwa ute huku yeye akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na miguu yake. Mimi nikaendelea kuzoa.

Siku ya pili meza yake ilikuwa tupu. Nilifungua faili, nikaweka alama ya mwisho pale mistari yake ilipokomea, nikaupa ule uchafu jina, nikaiamuru mashine itoe ripoti upya. Kosa likahamia kwenye jina hilo jipya. Nikampelekea bosi, kisha nikaenda nyumbani kwa mama. Alikuwa uani akifua baibui alilovaa Matemwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamweleza yote. Hakuacha kufua.

"Ulijua lini?"

"Kabla hatujenda Matemwe."

Alilikamua baibui, akalinusa, akalirudisha kwenye beseni.

"Mwambie bosi ntarudi Jumatatu. Wewe rudi Matemwe, na uende peke yako."

Nilikwenda. Yule mwanamke alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatema mate tena, safari hii miguuni pangu.