Sauti ya Ukutani

Harufu ya chokaa mbichi ikinifika, hata nikiwa juu ya nyumba yangu ya tatu hapa Wiyoni, mimi niliyezijenga zote bila kujua kusoma ramani, narudi kimawazo kwenye ile nyumba ya shamba la minazi.

Kuta zake za matumbawe zilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu. Bi mwenye shamba hakuonekana na wanaume. Amri zilitoka kwenye kidirisha chembamba ukutani, na baba yangu, mkwezi, aliitetemekea sauti ile.

Siku moja, nikiwa mtoto, nilimfukuza paka hadi ndani. Bi alikuwa kitandani, mdomo umepinda, hawezi kusema. Kidirishani alikaa mama yangu, mpishi wake, akinguruma kwa sauti ya Bi: "We mkwezi! Minazi ya kisimani umemwachia nani?"

"Nisamehe, Bi," baba akajibu kutoka nje.

Nikafungua mdomo kumwita. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chenye tui. "Ndugu zake Bi wakijua hasemi, shamba litauzwa, nasi tutafukuzwa."

Jioni baba alilalamika, "Yule Bi ana ulimi mkali!"

Mama akamwongeza mchuzi. "Mvumilie, Bwana. Huenda naye hapendi."