Kabati Nililomchimbia Zaina

Nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Enzi za ujamaa, tulipopewa nyumba ya walimu kijijini, karibu na Kilosa, nilipania kumchimbia mke wangu Zaina kabati ndani ya ukuta wa chumba chetu. Hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa nalo! Zaina akiwa uani, nilishika tindo na nyundo nikaanza. Nilipopumzika kidogo nikasikia sauti ya mwanamke: "Ongeza, usione haya!"

Nikajua Zaina anataka kabati lenye kina zaidi. Nikagonga kwa nguvu zote. Matofali ya udongo yakaporomoka. Upande wa pili wa ukuta, kumbe jirani yetu, Bi Mwajuma, ndiye aliyekuwa akimhimiza mwenyekiti wa kijiji aongeze ugali. Sinia zima lilijaa vumbi.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu. Siku hizi hodi mnapiga kwa nyundo?"