Jike Asiyempita Mwenziwe

Hakuzuiwa. Nakujibu mapema, mjukuu wangu, kabla hujafungua mdomo, maana kila anayekuja kunywa kahawa kwetu hapa mjini Ibra huanza na hilo: yule farasi wenu jike, mlimzuia makusudi au vipi? Hakuzuiwa na mtu. Kula tende yako nikuhadithie.

Mie skuli sikwenda, lakini sheria ya mbio zile naijua kuliko babako, na farasi mwenyewe ni wake. Farasi hawana nguvu sawa, si ndiyo? Basi wanasawazishwa kwa uzito. Hodari anatiwa vipande vya risasi kwenye tandiko, dhaifu anapunguziwa, ili wote wafike mwisho wamebanana na kila mmoja awe na haki ya kushinda. Na huingii hivi hivi. Kwanza farasi akimbie mara tatu, wamtazame, ndipo wampangie uzito wake.

Mpangaji uzito ni bwana mmoja wa Nizwa, kazaliwa Bujumbura. Kiswahili chake cha bara, nikimsikia tu nacheka. "Shikamoo mama. Sasa mama, hapa hatubagui mtu. Tunaangalia rekodi tu. Ndiyo sistimu."

Haya, jike letu akakimbia mara tatu. Wa nne, wa tano, wa nne. Hakumpita mtu. Anakwenda sikio kwa sikio na farasi aliye ubavuni mwake, mpaka mwisho. Babako kavunjika moyo, chai hanywi.

Nikamwambia, "Mwanangu, huyu si mvivu. Huyu umemlea kwenye ardha."

Ardha si unaijua, ya siku ya Idi: farasi wawili wanatimka pamoja, wapandaji wamesimama juu wameshikana mikono. Farasi akimtangulia mwenziwe, aibu kwa mpandaji. Jike yule kafunzwa hivyo tangu mdogo, na babako huyo huyo. Hata nikimpeleka kunywa maji, punda wa jirani akipita, basi anajipanga naye sambamba, polepole, kama bibi harusi.

Babako akanijibu kwa sauti yake ile ya ofisini, "Mama, ardha ni ardha, mbio ni mbio. Niachie mimi."

Nikamwachia.

Basi akaingizwa mbio za uzito, na kwa rekodi yake ile kapangiwa uzito mdogo kuliko wote. Kura ikamtupa geti la pembeni kabisa. Milango ikafunguliwa, na farasi wa geti la jirani akagoma, hakutoka. Jike letu kutazama kushoto, hana mtu. Kutazama kulia, uzio. Hana wa kumngojea. Aliondoka yule, mjukuu wangu, wenziwe wakawa wanakula vumbi lake. Mie nilikuwa ndani ya gari, nikapiga kigelegele mpaka shungi likanianguka.

Wa pili alikuwa farasi wa mzee mmoja wa mji wa Adam, muuza mbuzi, ana sauti kama ngamia anayepakiwa. Akaja mbio kwenye lajna, kamati yenyewe ya mbio. "Ghishi hii. Mara tatu wamemvuta hatamu ili apangiwe uzito mdogo, leo ndiyo wamemwachia. Hawa wadanganyifu."

Sasa hapo, ikithibiti, kikombe kinarudi, jike anafungiwa asikimbie tena, na babako anaitwa mdanganyifu mkoa mzima wa Sharqiya. Nikamtazama mwanangu, mtu mzima na ndevu zake, kanywea kama nguo iliyonyeshewa. Mpangaji uzito naye anakuna kichwa. "Mama, kwa kweli rekodi inaonekana vibaya."

Nikashuka garini, nikaingia chumba cha lajna. Sikuitwa.

"Nyie," nikawambia, "mmemtazama mara tatu anavyokimbia, hamkuuliza mara moja alivyolelewa. Leteni farasi wa mzee huyu, wakimbie wawili. Wetu hatamu zifungwe fundo shingoni, na mpandaji aweke mikono kichwani. Tuone nani anamvuta."

Mzee wa Adam akacheka. "Ya hajja, nenda kapike."

"Nshapika. Lete farasi."

Asubuhi ya pili wakaletwa uwanjani. Mpandaji wetu mikono kichwani kama mtu aliyekamatwa na polisi. Wakatimka. Sikio kwa sikio, ungewawekea sinia juu ya migongo yao isingemwagika chai. Mpangaji uzito akampungia mpandaji wa Adam: punguza. Akapunguza, na wetu akapunguza. Akampungia tena: simama. Wakasimama wote wawili. Farasi wa Adam akakojoa, kakojoa kirefu. Wetu kamngojea.

Lajna nzima walicheka, mmoja wao kajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Babako ndiyo akanyanyua kichwa. Akaja mpaka garini nilipokaa, akanibusu paji la uso, akasema polepole, si kwa sauti ya ofisini tena, "Mama, uliniambia."

"Nilikwambia," nikasema. "Na nitakwambia kila siku mpaka nife."

Mzee wa Adam bado anang'ang'ana. "Labda wamemfundisha usiku huu huu. Labda kuna dawa. Labda—"

Mpangaji uzito akafunga daftari lake. "Mzee, huyu farasi hana hila. Kikombe ni chake. Mbio ijayo avishwe viziba macho asimwone jirani, nitambebesha kilo sitini, na wako atabaki nyuma vilevile."