Asetoni ya Mama kwenye Shavu la Bikira Maria

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpangusa shavu Bikira Maria wa mchoro wa parokia yetu kwa asetoni ya mama, ile anayotolea wateja wake rangi ya kucha saluni. Niliagizwa nisafishe fremu tu. Lakini uso ulikuwa mweusi kwa moshi wa mishumaa ya kanisani, nikajiona fundi. Shavu likabaki kwenye pamba.

"We mutoto, umelogwa?" Mzee Mukendi, patroni wa karakana yetu ya kukarabati michoro pale Jeppestown, alinipokonya chupa. Kisha akautazama mchoro, akaifunga chupa.

Sikilizeni, nyinyi wa darasa la nane mnaotafuta kazi za Jumamosi. Rangi ya mafuta iliyokaa karne nyingi hukauka kama jiwe, haitoki upesi. Ya juzi hutoka mara moja. Ya juzi ikipakwa juu ya ya kale, mafundi huiita rangi ya kufunika.

Padri akamleta mtathmini wa michoro ya kale kutoka Marshalltown, mwanamke mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani.

"Nani amegundua hii?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

Akautoa uso wote, pamba baada ya pamba, nami nikizitupa kwenye pipa. Chini akatokea mwanamke mwingine, mzungu, pua ndefu, pengo dogo shavuni, rangi imepasukapasuka kama tope kavu. Nyufa hizo huonyesha umri.

"Sharp! Safi sana! Karne ya kumi na saba, halisi kabisa!"

Parokia ikaupeleka mchoro jumba la makumbusho. Mimi nikapigwa picha, meno yote nje.

Walipoondoka ndipo Mzee Mukendi akasema, "Ule uso mliofuta aliuchora baba yako, alipokuwa fundi wangu. Maji ya mvua yalibandua kipande cha shavu, nikamwambia azibe pengo. Akachora uso mzima wa mke wake."

Baba alikufa nikiwa chekechea. Kila Jumapili mama alikaa benchi la mbele, akiutazama mchoro ule. Nilidhani ni ucha Mungu.

"Mbona hukusema, patroni?"

"Ningesema, wangejua ni karakana yangu iliyomfunika mzungu wao."

Nikastaafu hapo hapo, nikiwa na miaka kumi na sita, bila keki wala hotuba. Padri bado hunipongeza eti nimethibitisha mchoro. Eish. Mzungu yuko nyuma ya kioo, analindwa na askari. Pipa la karakana lilishamwagwa.

Nilimweleza mama saluni, akiwa anamsuka mteja. Mikono haikusimama. Alisema, "Baba yako alinichora mara moja tu. Na wewe umenifuta kwa asetoni yangu mwenyewe. Nipe hicho kitana."