Swali la saba: training ya online ilivyotukwamisha kiwandani Mwanza

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki.

Kuna jamaa humu analalamika kwamba wafanyakazi wake "hawaelewi" training za online. Nimecheka, maana mwaka jana mimi ndiye nilikuwa nasema hivyo hivyo. Nasimulia yaliyonikuta, sitatia chumvi.

Nipo kitengo cha ubora, kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Tunachakata sangara, minofu inaenda nje. Wanunuzi walitaka kila anayeshika kisu apite mafunzo ya usafi online, na cheti chake kionekane kwenye mfumo.

Ukifeli mara tatu, huingii tena chumba cha kukatia. Kwa kibarua, hapo kazi imeisha.

Mimi ndiye nikapewa kuisimamia.

Nilijipanga haswa. Simu haziruhusiwi ndani, nikaomba tablet sita, nikaziweka kantini. Maswali nikayaweka kwa Kiswahili. Waliozoea viswaswadu, zile simu za vitufe, nikawafundisha kugusa kioo (wengine walikibonyeza kama kengele ya geti, tulicheka sana).

Raundi ya kwanza, karibu wote wakafeli. Kupita ni lazima upate yote kumi, na wote walikosa lile lile, la saba:

"Mwenzako amejikata kidole akiwa kazini. Utafanya nini?"

Jibu sahihi: toa taarifa kwa msimamizi.

Wao walichagua: mfunge plasta, avae glavu mpya, aendelee.

Nikadhani Kiswahili changu kigumu. Nikaliandika upya, nikaweka na picha. Raundi ya pili, yale yale.

Hapo nilikasirika, wakuu. Nikaandika ripoti kwa meneja kwamba watu hawa ni wagumu, watafutwe wengine. Mpaka leo naionea aibu ile ripoti.

Kabla sijaituma nikamfuata Mama Kulwa. Ni mtu wa Nansio, ameshika kisu miaka mingi kuliko mimi niliyokaa shule. Naye alibakiza nafasi moja tu, na ana wajukuu wanne wanamwangalia yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Hili la saba linawashinda nini?"

"Halijatushinda. Jibu lake tunalijua tangu siku ya kwanza. Wewe ukiletewa mtu kajikata, unamfanyaje?"

Huwa namrudisha nyumbani. Na kibarua akirudishwa, siku hiyo hana chake, na kesho yake jina linaweza lisiitwe getini.

"Sasa unataka nibonyeze kwamba nitamchongea mwenzangu?" akasema. "Na hiyo mashine imeandika jina langu juu pale."

Kumbe mimi niliona mtihani, wao waliona ahadi.

Ripoti nikaifuta. Nikaenda kwa meneja na ombi moja: anayejikata akishatibiwa apelekwe kukunja maboksi, siku yake ihesabiwe kama kawaida.

Alibisha sana. Nikamwambia, bosi, wenye vidonda sasa hivi wapo humo ndani wanashika minofu, ila hatuwajui. Akavuta kalamu, akasaini.

Tukabandika tangazo getini. Raundi ya tatu wakapita wote, Mama Kulwa akiwa wa kwanza kumaliza. Kwenye maswali, safari hii sikugusa hata neno.

Nilichojifunza: kabla hujasema watu hawaelewi, angalia hilo jibu sahihi litamuumiza nani. Tablet na bando ni sehemu rahisi.

Wiki mbili baadaye nipo mezani kwangu, naona Mama Kulwa anakuja, kidole kakiinua juu, damu inachuruzika.

"Mwanangu, la saba hilo."

Alikunja maboksi mpaka jioni, analalamika kwamba yanachosha kuliko sangara. Mimi nilifurahi mpaka nikaona haya, mtu kaumia mimi nacheka.

Haya, na huko makazini kwenu, swali la saba ni lipi? Nawasoma.