Mahali pa Mkasi

Baba aliandika kwamba hataki picha za studio. Zile za kusimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, mikono imenyooka kama ya askari, watu wa ofisi za kule aliko wanaziona kila siku na hawaziamini. Wanataka kuona watu wanaishi. "Mukae tu kama munavyokaa," aliandika. "Muongee, mucheke, mutu asiangalie kamera."

Barua niliisoma mimi. Barua zake zote nilizisoma mimi, na bahasha za kumjibu niliziandika mimi, maana Mama hakukaa sana shuleni, na mimi nilifika darasa la sita nikatoka na mwandiko mzuri kuliko akili. Mengine waliyaongea kwa simu, kwenye kibanda karibu na soko, yeye na Mama peke yao.

Baba alikuwa ameondoka Bujumbura tangu wa mwisho wetu yuko mgongoni. Akafika Kanada, akapata karatasi, na sasa alikuwa anatuita. Picha ilikuwa ya kutia kwenye dosiye, lile faili la maombi yetu. Nilivyoelewa mimi, atakayeonekana kwenye picha ndiye atakayepanda ndege. Hakuna aliyeniambia hivyo. Hakuna aliyeniambia vingine pia.

Nyumbani Buyenzi tulikuwa wanne: Mama, mimi wa miaka kumi na sita, mdogo wangu wa kike wa miaka tisa, na yule wa mwisho, wa kiume, wa miaka sita. Mama hakunizaa. Aliyenizaa alifariki nikiwa bado nanyonya, na huyu Mama siku aliyoolewa ndiyo siku aliyonibeba. Nalisema hilo kwa sababu litahitajika mbele. Nyumbani kwetu halikuwa neno la kusemwa.

Wiki nzima nilijiandaa kama mtu anayeozwa. Nilikuwa najifunza kushona kwenye baraza la fundi mmoja, basi nikaomba vipande vya kitenge vilivyobaki, nikamtengenezea mdogo wangu gauni lenye mfuko mmoja, maana kitambaa cha mfuko wa pili hakikutosha. Wa mwisho nilimgeuzia kola ya shati ili upande uliochakaa uende ndani. Usiku nilijiona Kanada, nina mashine yangu dirishani, nje theluji inaanguka, mimi nawashonea wazungu makoti.

Nilitaka tukapigwe picha Kajaga, kwenye mchanga, ziwa liwe nyuma yetu.

"Kajaga?" Mama akasema. "Unataka tupigwe foto ao tupigwe risasi? Ile njia hata mbuzi hazipiti bila kuuliza."

Basi ikawa uwanjani kwetu. Nikawafanyisha mazoezi. Nilishika mkebe wa maziwa ya unga ndio kamera, nikawaambia wasiuangalie. Wa mwisho, ili asiuangalie, akafumba macho kabisa. Mdogo wangu nilipomwambia cheka akatoa ha, ha, ha, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki wa mukeke.

"Mama, kaa kama kawaida yako."

"Kawaida yangu saa hii ni kulala nimechoka. Nilale?"

Tukacheka mpaka mkebe ukanianguka. Nikafikiri, kama yule mpiga foto angekuwa hapa sasa hivi, kazi ingekuwa imekwisha.

Alikuja Jumapili baada ya adhuhuri. Alikuwa mzee mwembamba aliyekimbia vita mtaani Kamenge na kamera yake ndani ya sufuria. Filimu yake ilikuwa imetumika kwenye harusi na zilikuwa zimebaki picha nne tu. Alikunywa chai kwanza, huku anatupima kwa jicho moja.

"Mi kwenye harusi nauliza swali moja kabla ya yote," akatuambia. "Nani hapa bado ni muchumba wa mutu? Yule namuweka mwisho wa mustari, na kanafasi kadogo kati yake na wengine. Pale ni mahali pa mukasi. Wakiachana kesho, mukasi unapita, na familia inabaki na foto yao."

Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nikamwambia, "Papa, hapa hakuna muchumba, weka mukasi wako mufukoni." Mama hakucheka. Aliniambia niangalie makaa, yanakufa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeibeba mbabura, lile jiko letu la makaa, akaiweka mwisho kabisa karibu na ukuta.

"Moshi usiwapate watoto," akasema. "We kaa pale, umimine chai. Si ndiyo kawaida yako?"

Ilikuwa kweli. Kila siku mimi ndiye niliyekaa kwenye mbabura. Nikakaa na furaha yangu yote, nikawa nawachekesha kutoka pale: nikamuiga fundi wangu anapotafuta sindano aliyoishika mdomoni. Mdogo wangu akacheka kicheko cha kweli. Mama akatabasamu akitazama chini. Picha ya kwanza, ya pili. Kabla ya ya tatu niliona kola ya wa mwisho imekunjika, nikanyoosha mkono kuiweka sawa.

"Dada, rudi nyuma kidogo," mpiga foto akasema. "Kidogo tena. Apo."

Nilidhani anaogopea kioo cha kamera yake moshi. Akapiga vidole vyangu vikiwa bado kwenye kola.

Ya nne ilikuta bomu limelia huko juu milimani. Wote tukageuza vichwa upande mmoja, na mdogo wangu akaruka juu ya mapaja yangu, akanikaba shingo. Kamera ikalia nayo. Mzee akasema ile ndiyo picha ya watu wanaoishi. Tukacheka tena.

Picha zilipokuwa tayari, Mama alikwenda kuzichukua peke yake. Alirudi akasema nzuri zimetoka tatu, moja imeungua, na akazifungia kwenye sanduku. "Utaziona siku ya kuzituma." Lakini mimi sikuweza kungoja. Nilitaka nakala moja tu, ya kumwonyesha fundi wangu. Nikamfuata mzee pale alipokuwa anakaa, kando ya soko.

Aliponiona akafungua pochi akanitolea vipande vitatu vyembamba, vya upana wa vidole viwili.

"Mama yako aliacha hivi," akasema. "Alikatia hapa hapa na mukasi wangu. Mi nikasema apana, mutu hatupwi kwenye takataka, mutoto atakuja kuvichukua."

Kwenye kila kipande nilikuwepo mimi, mbabura, na ukuta. Kwenye kipande cha tatu mkono wangu ulikuwa umenyooka na kuishia pale vidole vinapoanza.

"Na ile ya ine?" nikauliza. "Ile ya bomu?"

"Ile mulishikana sana. Mukasi haukuwa na njia. Alisema nisiitoe."

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nikaviweka vile vipande juu ya mchele. Akaviangalia, akaendelea kutoa mawe, mawili, matatu, ndipo akaacha.

"Baba yako aliandika watoto wawili siku ile alifika kule," akasema. "Walimuomba karatasi za kuzaliwa. Yako iliungua na nyumba ya zamani. Akaogopa. Sasa ukiongeza mutu wanasema ulidanganya, wanafunga dosiye yote. Ya wote."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Mwaka jana. Mwaka mzima nilikuwa namuuliza kama kule kuna makaa, na alikuwa ananijibu.

"Mi nitabaki wapi?"

"Kwa shangazi yako. Tukifika tutakuitisha."

"Ungeniambia, Mama. Ningesogea mwenyewe."

Akaniangalia mara ya kwanza tangu niingie. "Ningekuambia, ungelia," akasema polepole. "Na watoto wanacheka tu ukicheka we. Foto ingetoka na watu wanalia."

Watu wa Kanada walihitaji kicheko, na kicheko cha nyumba ile kilikuwa changu. Walikichukua, wakaniacha kwenye mbabura.

Akaenda ndani, akatoka na picha na bahasha. Alikuwa amekwisha lamba gundi ya upande mmoja. Nikaelewa angenipa bahasha imefungwa niandike anwani tu, kama siku zote, na ningeiandika naimba.

"Angalia kama ziko sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji.

Nikaziangalia. Watatu, wanacheka, wanatazama kando, pale ambapo hapakuwa na kitu. Mama hajui kukata. Mkasi ulikuwa umepinda kama njia ya kuku. Na kwenye ya tatu, kwenye kola ya wa mwisho, vidole vyangu vinne vilikuwa vimebaki.

Mtu wa ofisini angeviona. Angeuliza ni vya nani.

Mama hakuwa ameviona. Alikuwa amesimama, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Ningenyamaza tu, na kesho yake ingekwenda posta vile vile. Nilikuwa bado nimeishika ile picha, wa mwisho akaja kuniuliza, "Dada, mi niko pale? Kola iko sawa?"

"Iko sawa," nikamwambia.

Nikaingia ndani nikaleta mkasi wangu wa kushonea, ule mdogo wa kukatia nyuzi. Nikapita nao polepole kwenye bega lake pale pichani, nikafuata mshono wa shati niliougeuza mwenyewe, nikatoa vidole vyangu kimoja kimoja bila kumgusa shingo. Kisha nikanyoosha kingo za zile mbili nyingine, maana kazi mbaya siipendi. Nikaandika anwani.

Mama alinyoosha mkono anishike kichwa kama alivyokuwa akifanya zamani. Nikasogea, si mbali, kanafasi kadogo tu.