Matanga Yasiyo na Maiti

Juzi, nyuma ya kitabu kikuukuu, niliona picha ya Mwingereza aliyekuwa jirani yetu Bagamoyo. Kumbe alikuwa mwandishi mashuhuri. Utotoni nilijua tu kwamba nyumba yao ilikaa siku nne imefungwa, bila mgeni, na ghorofani kitu kikigongagonga.

“Wamefiwa hawa,” alisema Bibi. Akachukua mkeka na birika la uji wenye harufu ya pilipili manga, nikamfuata.

Mke wa Mwingereza alifungua mlango.

“Pole, mwanangu. Nani katutoka?”

“Hakuna, Bibi. Mume wangu yuko juu, anaandika kitabu kwa taipureta.”

“Na wewe unakaa na nani?”

Bibi alitandika mkeka sebuleni. Yule mama akaketi kati yetu, akalia mpaka adhana ya alasiri, na juu kugonga hakukukoma.

Nilirudi nyumbani nikiamini ametuficha jina la marehemu.